Viza ya mwenza Uingereza: nilimwacha mtoto Tanga "nimfuate baadaye", ikapita miezi 19

BintiNgamiani (mwanzisha uzi)

Salaam wana jukwaa.

Nimesoma nyuzi za humu kwa miaka bila kuandika neno. Leo naandika kwa sababu jana nimeona tena dada mmoja akiuliza habari za viza ya mwenza ya Uingereza, ana mtoto wa miaka sita, na watu watatu wakamjibu, "Tangulia wewe, mtoto utamvuta ukishatulia." Ndiyo maneno niliyoambiwa mimi mwaka 2023. Dada, kama unapita hapa, usilipe chochote kabla hujamaliza kusoma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Tanga. Binti yangu nilimzaa kabla ya ndoa hii. Baba yake yupo hai, ana familia yake Morogoro. Desemba 2022 niliolewa na mtu wa kwetu anayeishi Leicester, dereva wa basi, ameshachukua uraia wa kule.

Wakati ule mdhamini, yaani mwenza aliye Uingereza, alitakiwa awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Kiwango hicho kilianza Julai 2012. Ukiwa na mtoto asiye raia wa Uingereza unaongeza pauni 3,800 kwa mtoto wa kwanza na 2,400 kwa kila anayefuata, kwa hiyo mimi na binti tulihitaji 22,400. Mume wangu alikuwa anapata 21,000 na kitu kidogo. Tulipungukiwa kama pauni 1,300 kwa mwaka.

Wakala tuliyemwendea Dar akasema omba peke yako, hela yako inatosha, mtoto utamwombea ukifika, ni suala la miezi mitatu. Mume wangu alitaka tusubiri. Alikuwa ameshaanza kuchukua zamu za ziada, tungekaa miezi sita tupate slipu za mshahara zinazofikisha kiwango. Mimi ndiye niliyekataa kusubiri. Ndoa ilikuwa na miezi saba na tulikuwa tumekaa pamoja wiki tano tu. Nilikuwa nimechoka kuolewa kwa simu.

Nikafanya mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A1, kusikiliza na kuzungumza. Nikapanda basi kwenda Dar kupimwa kifua kikuu IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji (cheti chake kinadumu miezi sita, msiwahi kupima kupita kiasi), nikaweka alama za vidole, nikalipa. Ada ilikuwa pauni 1,538, na tozo ya afya, ile ya kutumia hospitali za serikali kule, ya miaka mitatu 1,872. Niliomba mwanzoni mwa Julai, jibu likaja mwishoni mwa Oktoba, viza ya miezi 33.

Novemba 2023 binti yangu alinisindikiza stendi ya Kange na bibi yake. Alikuwa na miaka saba. Nilimwambia Pasaka nitakuja kukuchukua.

Amefika Juni 2025. Nitaeleza kilichotokea katikati, naomba mnipe muda, naandika kwa simu.

Msafiri_77

Pole sana dada. Tunasubiri. Ila kabla hujaendelea, hicho kiwango cha 18,600 bado kipo? Maana mimi nimeambiwa 29,000.

BintiNgamiani

Uko sahihi kaka. Kuanzia tarehe 11 Aprili 2024, anayeomba kwa mara ya kwanza anatakiwa mdhamini wake awe na pauni 29,000. Sisi tulioanza kabla ya tarehe hiyo tunaendelea na kiwango cha zamani tunapohuisha viza.

Shika hapa, maana ndipo ushauri wa "tangulia peke yako" ulipoishiwa nguvu: katika utaratibu mpya hakuna nyongeza ya mtoto. Ni 29,000 ukiwa peke yako, na ni 29,000 hiyo hiyo ukiwa na watoto watatu. Kama mume anakufikia wewe, amewafikia na watoto. Bado ada na tozo ya afya kwa kila kichwa, na hiyo ni kubwa, lakini kizuizi cha kipato kilichonitenganisha mimi na mwanangu kwenu hakipo.

Kaka wa Nyegezi

Asante kwa uzi. Gharama kwa sasa zikoje? Na kama mdhamini hana mshahara huo lakini ana akiba?

BintiNgamiani

Kwa viwango vya mwaka 2025: ada ya kuombea ukiwa nje ya Uingereza ilikuwa pauni 1,938, na tozo ya afya kwa mtu mzima ni 1,035 kwa mwaka, unalipa ya miaka mitatu kwa mpigo, yaani 3,105. Jumla 5,043 kabla ya mtihani, kipimo na tiketi. Mtoto ada ni ile ile, tozo yake ni 776 kwa mwaka. Ukikataliwa, tozo ya afya inarudi. Ada hairudi.

Kwa akiba peke yake bila kipato chochote ni pauni 88,500, na ziwe zimekaa chini ya miliki yenu kwa miezi sita kamili. Kuna watu wanachanganya kipato na akiba: unachukua upungufu wa kipato, unazidisha kwa mbili na nusu, unaongeza 16,000. Mtu wa 28,000 amepungukiwa 1,000, kwa hiyo anahitaji akiba ya 18,500. Shemeji mmoja hapa Leicester alipita kwa njia hiyo baada ya kuuza kiwanja, ila ilibidi aonyeshe mkataba wa mauzo, na pesa ionekane imetoka wapi.

Mshahara wa kuajiriwa ndiyo njia nyepesi kuliko zote: miezi sita kwa mwajiri mmoja, slipu zote, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo zinazoonyesha mshahara umeingia, na barua ya mwajiri. Slipu ikisema 2,431.16 na benki ikasema 2,431.16, afisa anapita. Vikipishana, anasimama hapo. Aliyejiajiri anapimwa kwa mwaka mzima wa kodi uliofungwa, na makaratasi yake ni mengi zaidi.

BintiNgamiani

Nimerudi. Naendelea na mtoto.

Nilipofika niliona kwamba ile nyongeza ya 3,800 inanisubiri pale pale nilipoiacha. Januari 2024 nikaanza kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, zamu za usiku. Uzuri wa viza ya mwenza ni kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, na kipato changu nikiwa huku kinahesabika pamoja na cha mume. Tukasubiri slipu zangu zitimie miezi sita, Agosti 2024 tukamwombea binti. Pasaka ilishapita. Kipato safari hii kilizidi kiwango kwa mbali. Tuliona tumemaliza.

Mwezi wa 11 tukakataliwa.

Sababu haikuwa pesa. Mzazi mmoja akiwa Uingereza na mwingine yupo hai kwingine, yule aliye Uingereza kwa kawaida lazima athibitishe kwamba jukumu la malezi ya mtoto ni lake peke yake. Siyo kwamba anampenda, wala siyo kwamba anatuma hela. Kuna uamuzi wa baraza la rufaa la uhamiaji wa mwaka 2006, unajulikana kama TD Yemen, unaofafanua jambo hili: linaloangaliwa ni nani anayeongoza na kuamua mambo makubwa ya maisha ya mtoto. Bibi anaweza kumwogesha, kumpikia na kumpeleka madrasa, na bado jukumu likawa la mama, kama mama ndiye anayeamua asome wapi, atibiwe wapi, aende kwa nani.

Sasa tazameni tulichopeleka. Barua ya mama yangu, iliyoandikwa kwa mkono wake na kutafsiriwa, ilisema: "Mjukuu wangu namlea mimi mwenyewe tangu mama yake aondoke na kila kitu chake nafanya mimi." Mama aliandika kwa mapenzi. Alitaka wajue mtoto hateseki. Na barua ya baba yake ikasema: "Mimi na mama yake kwa pamoja tumekubaliana mtoto aende." Naye aliandika kwa nia njema, na nilimshukuru sana siku ile.

Barua ya kukataliwa ilinukuu sentensi hizo mbili. Ya kwanza ikathibitisha kwamba mlezi ni bibi. Ya pili, kwamba baba bado anaamua. Watu wawili waliotaka kunisaidia kwa moyo wote ndio walioandika ushahidi wa kunikataza mwanangu, kwa sababu mimi sikukaa nao nikawaeleza swali lenyewe ni lipi. Wakala alisema leteni barua ya bibi na barua ya baba. Nikaleta.

Sikumwambia mama mpaka leo. Najua akisikia hatalala.

Njiwa wa Pangani

Nimesoma hapa huku machozi yananitoka. Mimi ndiye niliyeuliza kwenye ule uzi mwingine. Wa kwangu ana miaka sita, baba yake hatujui alipo tangu mtoto ana mwaka mmoja.

Mchumi Mtaani

Dada mbona rahisi, mume mpya aandikwe kama ndiye baba kwenye cheti cha kuzaliwa. Cheti hakijatolewa bado? Basi. Au patikane cheti cha kifo cha huyo baba. Watu wanafanya.

BintiNgamiani

Kaka, naomba usimpe mtu ushauri huo, hapa wala nje ya hapa. Ukikamatwa na karatasi ya uongo kwenye maombi, unaweza kufungiwa miaka 10 usiingie. Na vipimo vya DNA vipo. Miaka hiyo 10 ikiisha, mtoto wa miaka sita atakuwa na miaka kumi na sita. Zaidi ya hilo, cheti cha kuzaliwa ni cha mtoto, si chetu. Ataishi nacho maisha yake yote na siku moja atauliza.

Njiwa mdogo wangu, hali yako ina njia ya kweli na tena ni nyepesi kuliko yangu. Baba aliyetoweka hana maamuzi yoyote anayoyafanya, na hilo linaonyeshwa. Na wewe bado unaishi na mtoto. Hiyo ndiyo nguvu kubwa uliyo nayo leo, na ndiyo utakayoipoteza siku utakayopanda ndege bila yeye. Leo ushahidi kwamba wewe ndiye unayeamua unajitengeneza wenyewe kila siku: unasaini fomu za shule, wewe ndiye unampeleka hospitali, jina lako ndilo liko kwenye risiti. Ukiondoka, kila kitu hicho kinaanza kusainiwa na mtu mwingine.

Mtoto wa Mvita

Dada, mara ya pili ulibadilisha nini? Mimi niko Mombasa, mume yuko Birmingham, nina kijana wa miaka 11 kwa mume wa kwanza. Talaka ilipita kwa kadhi na malezi nilipewa mimi kwa maandishi.

BintiNgamiani

Wewe una kitu ambacho mimi sikuwa nacho, hiyo hukumu. Tengeneza nakala zilizothibitishwa na uitafsiri kama ni ya Kiswahili. Kila karatasi isiyo ya Kiingereza lazima iwe na tafsiri yenye jina na sahihi ya mtafsiri. Kijana wako ana miaka 11, atapigwa picha ya kifua kwenye kipimo cha TB. Walio chini ya 11 kwa kawaida hawapigwi, wanaulizwa maswali tu.

Mara ya pili nilitafuta mwanasheria wa huku aliyesajiliwa. Ushauri wa uhamiaji Uingereza ni kosa kuutoa bila kusajiliwa, na chombo kinachosimamia, kilichokuwa kikiitwa OISC, tangu Januari 2025 kinaitwa Immigration Advice Authority. Unaweza kutafuta jina la mshauri wako kwenye orodha yao bure. Rufaa ilikuwepo, ukiwa nje una siku 28, lakini tuliona ingechukua muda mrefu kuliko kuomba upya na ushahidi mzuri. Hilo kila mtu apime kwa kesi yake.

Tulianza na shule. Mwalimu mkuu aliandika kwamba mimi ndiye niliyemwandikisha, mimi ndiye ninayepigiwa simu akiumwa, na kwamba alipohamishwa darasa Machi walinipigia mimi na nikaamua mimi. Kumbukumbu za simu zilikuwepo. Hospitali ikatoa kadi ya kliniki na tangazo la kizazi, yote yana jina langu. Miamala ya simu ya miezi yote tangu niondoke, ada, sare, bima, nikaipanga kwa tarehe na pembeni nikaandika kila moja ilikuwa ya nini. Jumbe za WhatsApp na mama: "Mtoto anataka kwenda Lushoto na binamu zake, umwache?" Na jibu langu. Jumbe kama hizo zilikuwa 40 na zaidi. Tulikuwa tunaziona ni mazungumzo tu.

Mama akaandika upya, ukweli ule ule: analala kwake, anampikia, na jambo lolote kubwa anamuuliza binti yake kwanza. Baba yake naye, Mungu amlipe, akala kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba hajawahi kuishi na mtoto tangu 2018, hamlipii, na hajawahi kuamua chochote juu yake. Ilimgharimu kuandika vile. Hakuna mwanamume anayefurahia kusaini karatasi hiyo. Alisema, "Kama ndiyo kweli na inamsaidia, lete."

Tuliomba Februari 2025. Mei wakakubali.

Kaka wa Nyegezi

Samahani kuingilia, mimi kesi yangu ni kinyume. Mke wangu ni muuguzi, amepata kazi hospitali ya huko kwa viza ya afya. Na dada yake yuko kwenye kazi ya kulea wazee. Nao ni hizo 29,000?

BintiNgamiani

Hapana shemeji, hiyo ni njia nyingine kabisa. Muuguzi anaweza kukuleta wewe na watoto kama wategemezi wake, na kwa viza hiyo ya afya hamlipi tozo ya afya. Shemeji yako wa kulea wazee ni tofauti: walioomba viza ya kazi hiyo kuanzia 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta mwenza wala watoto. Watu wengi waliuza mali wakaja bila kujua hilo. Kama aliomba viza kabla ya tarehe hiyo na hajabadilisha njia, aonane na mshauri aliyesajiliwa aangalie.

Waridi Jeusi

Nauliza kwa niaba ya rafiki. Yuko Uingereza kwa viza ya mwenza, mume anampiga na anamwambia akitoka nyumbani atarudishwa kwao siku hiyo hiyo. Ana mtoto mdogo.

BintiNgamiani

Mwambie rafiki yako leo hii kwamba si kweli.

Kwenye viza ya mwenza ndoa ikivunjika kwa sababu ya ukatili, sheria ina njia kwa ajili yake. Anaweza kuomba ruhusa maalumu ya miezi mitatu inayomfungulia msaada wa serikali, ule ambao viza zetu kwa kawaida zinaukataza, apate pa kulala. Ndani ya muda huo anaomba ukaazi wa kudumu kwa haki yake mwenyewe, bila mume kusaini chochote. Ukatili si kipigo tu. Kunyimwa pesa, kufungiwa, kushikiliwa pasipoti, vyote vinahesabika. Namba ya bure ya saa 24 ni 0808 2000 247, na anaweza kuomba mkalimani. Akiwa hatarini apige 999. Akishindwa kuongea kwa simu ya mkononi abonyeze 55 ataunganishwa na polisi.

Kama anataka mtu wa kuongea naye Kiswahili, aniandikie faragha saa yoyote. Nafanya kazi usiku, niko macho.

Waridi Jeusi

Asante. Amesoma. Ataandika.

Msafiri_77

Dada, na mtoto sasa anaendeleaje? Hilo watu hawalisemi kwenye nyuzi za viza.

BintiNgamiani

Nitasema kweli.

Alipotoka mlango wa uwanja wa ndege alinisalimia "shikamoo" kama anavyosalimia mgeni. Kwa wiki tatu alilala na kanga ya bibi yake na hakutaka niioshe. Akiumwa tumbo alimwita bibi. Mimi nilikuwa namjua mtoto wa miaka saba, aliyefika alikuwa mwingine, amefunga mdomo, meno ya mbele yameota yote, na yale yaliyong'oka sikuyaona.

Mume wangu alikuwa na subira kuliko mimi. Hakulazimisha aitwe baba. Alimchukua kwenye basi lake Jumamosi, akamkalisha kiti cha mbele, wakazunguka mji. Kuna mtaa wa Belgrave huku, wazee wengi wa Kihindi pale ni waliotoka Uganda alipowafukuza Amin mwaka 1972, na wengine Kenya na kwetu. Tuliingia duka moja kununua mhogo, mzee wa kaunta akamsikia binti anaongea na mimi, akamuuliza, "Wewe mtoto wa wapi?" Binti akashangaa, akaniangalia, akajibu "Tanga." Mzee akasema yeye alizaliwa Jinja na akampa embe. Siku hiyo ndiyo alianza kuniuliza maswali. Njia nzima.

Shule za serikali ni bure na hazihesabiki kama ule msaada uliokatazwa, vivyo hivyo hospitali za serikali (NHS), msiogope kumwandikisha mtoto. Unaomba nafasi kupitia halmashauri. Watoto wanapangwa kwa umri, siyo kwa alichosoma, kwa hiyo Septemba aliwekwa na wa umri wake ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha salamu. Hisabati aliwapita wengi, na hiyo ilimsaidia kupata rafiki. Kiswahili tunaongea nyumbani kila siku na bibi anapigiwa simu kila jioni, saa za kwao.

Mwakani tunahuisha wote, na mimi nitafanya mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A2. Baada ya hapo B1, na ule mtihani wa maisha ya Uingereza wenye maswali 24, ndipo tuombe ukaazi wa kudumu tukitimiza miaka mitano. Cheti changu cha ualimu bado kiko kabatini. Hilo ni la uzi mwingine.

Njiwa wa Pangani

Dada, nimeongea na mume wangu jana usiku. Tumekubaliana tusubiri hadi Mei slipu zake zitimie, tuombe mimi na mtoto siku moja. Wakala nimemwambia anirudishie karatasi zangu.

Mama yangu ameshaandika barua yake, kurasa mbili. Kuna mahali kasema "nimemlea kama wangu wa kuzaa." Niiache?

BintiNgamiani

Iache, ni kweli na ni nzuri. Ila baada ya sentensi hiyo aongeze ni nani aliyekuwa akiamua, na atoe mfano mmoja wa siku anayoikumbuka. Nitumie picha ya barua kabla hujaipeleka kwa mtafsiri. Leo natoka kazini saa mbili asubuhi, nitaisoma kwenye basi.